Herufi Sokoni: Maendelezo ya Maneno na Hukumu ya Mnunuzi

Utamaduni wa taifa haukai katika ngoma, vinyago na mashairi peke yake. Hukaa pia katika maneno machache ambayo mtu huyaandika anapotaka kuuza mbuzi, kitanda au kipande cha ardhi. Zamani tangazo la namna hiyo liliandikwa kwa chaki juu ya ubao, kwa rangi juu ya ukuta, au kwa kalamu juu ya karatasi iliyogundishwa kwenye shina la mwembe karibu na kituo cha mabasi. Siku hizi huandikwa katika simu ya mkononi na kupelekwa mtandaoni, likasomwa kwa muda wa dakika chache na watu walioko Mwanza, Tanga, Unguja na Nairobi. Mahali pa kuandikia pamebadilika, lakini jambo moja halikubadilika: mnunuzi husoma maandishi kwanza, kisha ndipo huitazama bidhaa. Na akikuta herufi imekaa pasipo pake, hutoa hukumu.

Kila mwananchi anayenunua vitu kwa njia hii ameona mifano. Mmoja anauza "runinga ya nchi 32", na wasomaji wanauliza kwa kebehi ni nchi zipi hizo thelathini na mbili zilizomo ndani yake, ilhali maskini alikusudia inchi za kupimia kioo. Mwingine anatangaza "thamani za ndani" badala ya samani. Wa tatu anauza "magodolo kwa garama nafuu". Baadhi ya wasomaji hucheka wakapita. Wengine humshuku mwenye tangazo kuwa ni tapeli. Wengine humkatia bei, wakidhani kwamba asiyejua kuendeleza maneno hajui pia thamani ya kitu chake. Katika insha hii twakusudia kueleza hukumu hiyo ilitoka wapi, ina haki kiasi gani, na inapokosea humdhulumu nani. Maana hukumu hii ina historia ndefu kuliko simu, na historia hiyo ni sehemu ya historia ya lugha yetu.

Wakati ambapo kosa halikuwa na jina

Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa muda mrefu sana kabla ya kuja kwa herufi za Kilatini. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate na Mwengo bin Athumani, ni wa mwaka 1728. Na si tenzi na kasida tu zilizoandikwa kwa herufi hizo. Wafanyabiashara wa mwambao waliandikiana kwazo barua za mali, hati za deni na hesabu za nguo, shanga na pembe.

Herufi hizo zilitufaa sana, lakini hazikukatwa kwa kipimo cha mwili wetu. Kiarabu kina alama tatu za irabu, na Kiswahili kina irabu tano. Hivyo i na e zilivaa alama moja, na u na o zikavaa alama moja. Kiarabu hakina p wala v wala ch. Herufi ba peke yake ilibebeshwa mzigo wa b na p, na mara nyingi mb pia, kwa sababu waandishi wengi hawakuiandika sauti ya puani iliyotangulia konsonanti. Kwa hiyo pamba na baba yaliweza kuandikwa kwa sura moja, na pembe na bibi vivyo hivyo. Wataalamu wa Mombasa, akiwamo Mwalimu Sikujua wa karne ya kumi na tisa, walifanya juhudi ya kuongeza alama ili kila sauti ya Kiswahili ipate nguo yake.

Hata hivyo hatujapata kusikia kwamba nahodha alipakia baba katika jahazi kwa kuwa barua ilisomeka hivyo. Sababu ni nyepesi. Msomaji alimjua mwandishi, aliijua bidhaa, na aliujua msimu. Maandishi yalikuwa ukumbusho wa jambo ambalo pande zote mbili zilikwisha kulijua. Mtu alihukumiwa sokoni kwa jina lake, kwa wadhamini wake na kwa namna alivyolipa madeni ya mwaka uliopita. Hakuhukumiwa kwa irabu zake. Tena hapakuwa na mamlaka iliyokwisha kutamka kwamba namna moja ya kuandika neno ni sahihi na nyingine zote ni potofu. Watu walikosea, naam, na wajuzi waliwasahihisha wanafunzi wao. Lakini kosa la maendelezo halikuwa bado ushahidi wa kumtilia mtu shaka.

Mizani yawekwa mezani

Herufi za Kilatini zilipoingia, kila aliyezileta aliandika kwa kadiri sikio lake lilivyozoezwa. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliandika namna yake, na kamusi yake kubwa ikatoka mwaka 1882. Edward Steere, ambaye kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja kilitoka mwaka 1870, aliandika namna nyingine. Steere aliandika "fetha" na "thahabu" pale ambapo sisi leo twaandika fedha na dhahabu. Tazama basi: hata neno linalotaja pesa zenyewe, ambalo hakuna soko linaloweza kuliepuka, lilikuwa na sura zaidi ya moja. Wajerumani nao, walipoitawala Tanganyika, waliandika "Daressalam" kwa neno moja katika nyaraka zao. Gazeti la Kiongozi lilianza kutolewa Tanga mwaka 1904, na gazeti la Mambo Leo lilianza mwaka 1923 chini ya Idara ya Elimu, mjini Dar es Salaam. Magazeti hayo yaliwazoesha wasomaji wengi kuona neno lile lile likirudi na sura ile ile kila toleo.

Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, na Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili cha kuandikia. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya nchi nne, yaani Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Kazi yake mojawapo ilikuwa kusawazisha maendelezo na kutoa ithibati kwa vitabu vya shule. Kamusi iliyoanzwa na Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1939 ilikuwa tunda la kazi hiyo. Baada ya uhuru dhamana ikaja mikononi mwetu wenyewe: kamati hiyo ikageuka kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1964, Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ikatoka mwaka 1981.

Faida ya usanifu hatuwezi kuikana. Tuifananishe na vipimo. Zamani nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Lakini kibaba cha duka hili na kibaba cha duka lile havikuwa lazima vilingane, na aliyeumia ni mnunuzi mgeni. Mizani iliyokaguliwa na serikali ilimwezesha mgeni kununua mahali asipojulikana. Maendelezo sanifu ni mizani ya namna hiyo. Yanamwezesha mtu wa Songea kusoma tangazo la mtu wa Bukoba bila ya mkalimani.

Lakini mizani ikishawekwa mezani, papo hapo huzaliwa anayepunja na anayedhaniwa kupunja. Mtu wa Mvita aliyeandika "mato" kwa macho na "ndoo" kwa njoo alikuwa akiandika lugha aliyonyonya kwa mama yake, na lugha hiyo ilikuwa na washairi wakubwa. Baada ya 1930 aliweza kuambiwa na mwanafunzi wa darasa la nne kwamba amekosea. Hivyo ndivyo kosa la herufi lilivyoanza kuwa jambo la hadhi. Aliyeandika sanifu alionekana amesoma. Aliyeandika vingine alionekana hakusoma, hata kama alijua mengi ambayo shule haifundishi.

Mama zetu na maneno ya kanga

Kabla ya kuja kwa simu, bidhaa iliyouzwa kwa maandishi kuliko zote katika mwambao ilikuwa kanga. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, anatajwa kuwa ndiye aliyeeneza mtindo wa kutia maneno katika kanga mwanzoni mwa karne ya ishirini. Maneno hayo yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kilatini. Kanga zenyewe zilipigwa chapa mbali sana: Uingereza, Uholanzi, India, na baadaye Japani. Aliyepanga herufi kiwandani hakujua neno moja la Kiswahili. Alinakili michoro aliyoletewa, kama mtu anavyonakili maua. Ndiyo maana zipo kanga za zamani ambazo maneno yake yamepungukiwa na herufi au yamegawanywa pasipostahili.

Mnunuzi wa kanga alilihukumuje kosa hilo? Hapa mama zetu wana somo la kutufundisha. Mwanamke anunuapo kanga hununua vitu viwili pamoja, nguo na usemi. Kosa likiwa dogo, na usemi ukiwa bado unasomeka, aliinunua na kuivaa, na mtaa mzima ukafahamu aliyekusudiwa. Lakini kosa likigeuza maana, hata usemi wa shukrani ukawa kama tusi, au jina likawa si jina, aliirudisha juu ya meza ya duka, hata kama rangi ilimpendeza. Hakuuliza mpiga chapa amesoma hadi darasa la ngapi. Aliuliza kama neno bado linafanya kazi iliyolileta. Tangu mwaka 1968, kilipofunguliwa kiwanda cha Urafiki mjini Dar es Salaam, kanga zilipigwa chapa pia hapa nchini na watu wanaoijua lugha. Lakini kipimo cha mama zetu hakikuwa na haja ya kubadilika.

Kisomo kilikuwa ngao

Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971 ikaanza kampeni ya kufuta ujinga katika wilaya sita za mwanzo, ikasambaa hatimaye nchi nzima. Huko Mwanza ulikuwapo tangu mwaka 1968 mpango wa kisomo chenye manufaa uliosaidiwa na UNESCO, na vitabu vyake vya kujifunzia kusoma vilihusu kazi za watu wenyewe, kama kilimo cha pamba na uvuvi. Mwaka 1977 elimu ya msingi kwa watoto wote ikaanza kutekelezwa.

Tukumbuke kisomo kilitafutwa kwa ajili gani. Mkulima wa pamba alikaa chini ya mti, jioni, mikono ikiwa bado na vumbi la shamba, akajifunza herufi ili ajue mizani inasema nini na stakabadhi imeandikwa nini, asipunjwe. Herufi ilikuwa ngao ya mnyonge mbele ya mnunuzi. Wengi wanaoandika matangazo leo ni watoto na wajukuu wa wanafunzi wale. Wameandika kama masikio yao yanavyosikia na kama ndimi zao zinavyotamka. Itakuwa ajabu, na ajabu ya kusikitisha, iwapo ngao ile tutaigeuza kuwa fimbo ya kumpigia mtu yule yule tuliyempa.

Kibari na kibali

Hapa hatuna budi kutoa ushahidi dhidi yetu wenyewe. Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa bado vijana na tukifanya kazi ya ukarani katika ofisi moja ya wilaya upande wa Ziwa, alikuja mama mmoja muuza samaki na barua ya mkono wake. Aliomba "kibari cha kuuza samaki". Sisi tulikuwa tumetoka sekondari juzi tu, na mashairi yetu mawili yalikwisha kusomwa redioni. Tukajiona walinzi wa lugha. Tukaizungushia wino mwekundu ile r, na makosa mengine matano, tukamrudishia karatasi ili akaandike upya.

Akatutazama, akasema, "Mwanangu, samaki hawasomi. Na wanaoninunulia wananijua."

Tukamjibu, "Mama, ofisi ni ofisi. Leta barua safi, tutakuhudumia."

Akarudi baada ya wiki mbili na barua iliyoandikwa na mwanafunzi, kwa mwandiko wa kupendeza. Kibari kilikuwa kimekuwa kibali. Tukafurahi, tukaipitisha, kibali kikaandikwa. Lakini mwanafunzi yule, kwa kuwa amefundishwa kwamba r za kwao ni kosa, alikuwa ameisahihisha na r iliyokuwa halali katika jina la mama mwenyewe, akaifanya l. Sisi hatukuliona. Mama akaenda na kibali chake katika mnada wa mbali, na mtoza ushuru akalinganisha jina la kibali na jina la stakabadhi zake za zamani, akayaona hayafanani. Samaki wakashikwa tangu asubuhi hata jua likapinduka, na samaki si kitu cha kungoja.

Aliporudi ofisini hakugomba. Aliweka kibali juu ya meza, akaweka na stakabadhi kando yake, akasema, "Nisomee, mwanangu." Tukasoma, na hatukupata la kumwambia. Tulikuwa tumeikamata herufi isiyodhuru chochote, tukaiacha ipite herufi iliyobeba haki ya mtu. Tangu siku ile kila tusikiapo mtu akicheka tangazo la mwenziwe, tunaiona ile karatasi yenye wino mwekundu.

Makosa si ya namna moja

Mnunuzi anayetaka kuhukumu kwa haki na ajue kwanza kwamba makosa yana asili mbalimbali.

La kwanza ni kosa la sikio. Lugha nyingi za Kibantu hazitenganishi l na r kama Kiswahili kinavyozitenganisha. Kikuyu, mathalani, hakina l ya kawaida. Mtu aliyekulia katika lugha ya namna hiyo huandika godolo, kibari na garama nyingine za kuhama lugha. Wengine huidondosha h wakaandika "apa" na "uyu", au huiongeza wakaandika "hasante". Wengine hawana dh, th wala gh nyumbani kwao, wakaandika "zahabu", "samani" kwa thamani, na "gali" kwa ghali. Katika masoko ya Kigoma utaona "muchele" na "mutu", na huyo si mjinga wala mhuni: ndivyo Kiswahili kinavyosemwa upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, katika Kongo, na kina wasemaji wengi mno. Kosa la sikio linasema mtu ametoka wapi. Halisemi kama ni mwaminifu.

La pili ni kosa la kukata na kuunga: "ina uzwa", "na uza", "ame hama". Hili hutokana na mafunzo hafifu ya sarufi, na limezidi siku hizi hata kwa waliosoma sana.

La tatu ni kosa la chombo. Herufi za simu ni ndogo na kidole ni kinene. Tena programu nyingi za kusahihisha maandishi zilitengenezwa kwa Kiingereza, zikaipigia mstari mwekundu Kiswahili fasaha na mara nyingine kuligeuza neno kabisa. Muuzaji huhesabiwa kosa alilofanyiwa na mashine.

La nne ni upotoshaji wa makusudi, kama mtindo wa vijana wa kufupisha maneno na kutia tarakimu mahali pa silabi. Wakati wa ujumbe mfupi uliolipiwa na wenye kikomo cha herufi ulikuwa na sababu ya kiuchumi. Siku hizi umebaki kuwa vazi la rika.

La tano ni la hila. Bidhaa bandia mara nyingi huvaa jina la bidhaa maarufu lililobadilishwa herufi moja, ili jicho lidanganyike na mshitakiwa apate pa kujitetea. Hapa herufi imekosewa kwa sababu aliyeikosea anaijua vizuri.

Namna ya kuhukumu

Mtu anaweza kuuliza: je, si haki ya mnunuzi kujihadhari? Mali ni yake, na mtandaoni hamwoni muuzaji usoni. Hatukatai. Mnunuzi wa zamani alikuwa na ukoo, wadhamini na msimu; mnunuzi wa leo ana picha moja, mistari miwili na namba ya simu. Ni kawaida kwamba atazitazama herufi kwa makini, kwa kuwa hana kingine cha kutazama. Asiyepitia mistari yake miwili kabla ya kuipeleka huenda hakukagua na breki za gari analouza. Dalili ipo, lakini dalili si ushahidi.

Twamjua ndugu mmoja aliyekataa kiwanja kwa kuwa tangazo lake liliandikwa "kiwanja kina uzwa, akina mgogolo". Akanunua kingine, ambacho tangazo lake halikuwa na kosa hata la mkato. Kiwanja hicho kilikuwa kimekwisha kuuzwa kwa mtu mwingine. Yule wa "mgogolo" alisema kweli yake kwa herufi mbovu, na huyu wa pili alisema uongo wake kwa Kiswahili sanifu. Tapeli hodari hulipa gharama ya kuandika vizuri, maana anajua kwamba ndilo jambo la kwanza tunalolikagua. Ndiyo maana katika mitaa ya Dar es Salaam wenye nyumba huandika ukutani kwa rangi, "Nyumba hii haiuzwi". Maandishi hayo mengi hayana uzuri wowote, lakini yamewaokoa watu ambao walikwisha kuonyeshwa karatasi nzuri.

Kwa hiyo twashauri mnunuzi agawanye maneno ya tangazo mafungu mawili. Fungu la kwanza ni maneno ya kueleza: zuri, imara, gharama nafuu, godoro. Kosa katika fungu hili ni la sikio au la kidole, alisamehe. Fungu la pili ni maneno ya kupima na ya kumiliki: ukubwa, kipimo, namba ya kiwanja, namba ya injini, jina la mwenye hati. Hapa asisamehe hata nukta. Chukua neno "heka", linaloandikwa kila siku katika matangazo ya mashamba. Wengi wakusudia eka, yaani ekari. Lakini msomaji anaweza kudhani ni kifupi cha hekta. Ekari 5 ni kama hekta 2 tu, na hekta 5 ni zaidi ya ekari 12. Herufi moja iliyoongezwa mwanzoni mwa neno imebeba zaidi ya ekari saba za ardhi, na ugomvi wa kurithishana. Hilo ndilo kosa la kulipigia simu kabla ya kutoa shilingi.

Kwa muuzaji nasi tuna neno. Asidhani kwamba kwa kuwa kosa lake ni la kusameheka basi halimgharimu. Soko la eBay lililoanzishwa Marekani mwaka 1995, ambamo watu hushindania bei mtandaoni, limeonyesha jambo hili wazi. Mashine ya kutafutia ilitafuta herufi, haikutafuta nia. Aliyeandika jina la kitu vibaya hakuonekana na watafutaji wengi, akauza kwa washindani wachache na kwa bei ya chini. Na walitokea wajanja waliotafuta kwa makusudi matangazo yaliyokosewa, wakanunua rahisi na kuyauza tena kwa herufi sahihi. Kosa moja, na faida ikahama mfuko. Muuzaji wa "nchi 32" hachekwi tu. Huenda asipatikane na anayetafuta "inchi 32". Basi amwombe mwenziwe amsomee kabla ya kupeleka. Si aibu: hata washairi husomewa.

Na kwa sisi tulio katika ofisi na mabaraza, ambao tumepewa mshahara na taifa ili kuitunza lugha, wajibu ni mzito zaidi. Kuusahihisha umma si kuuzungushia wino mwekundu. Ni kuhakikisha kwamba kamusi zinamfikia mwananchi katika simu yake, kwamba mashine zinazosahihisha zinakijua Kiswahili, na kwamba mwalimu anamweleza mtoto tofauti ya l na r bila kumwonea haya babu yake. Mizani ya serikali iliwekwa sokoni ili mnyonge asipunjwe. Mizani ya herufi nayo na itumike hivyo.

Kwa kuwa kazi yetu ya pili ni utunzi, tumruhusu msomaji aondoke na ubeti mmoja:

Herufi kitu kidogo, sokoni ina thamani,
Hata ikiwa na pogo, ipime kwenye mizani,
Usimcheke kwa zogo, muuzaji masikini,
Uliza ukaelezwe, ndipo ukate shauri.